Mji Mpya au Jiji Linalosambaa? Dar es Salaam Mbele ya Njia Tatu

Kando ya barabara zote kuu zitokazo Dar es Salaam, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, mabango yanauza viwanja vya "mji mpya". Mnunuzi akifika kwenye mradi hukuta shamba la ekari kadhaa lililokatwa viwanja, njia zilizochongwa kwa greda na ahadi ya umeme. Wakati huohuo viongozi wameahidi kwa miaka mingi miji ya pembezoni itakayolipunguzia jiji mzigo, huku Kigamboni maghorofa ya Dege, mradi wa nyumba 7,460, yakikaa miaka bila wakazi baada ya ujenzi kukwama 2016. Si ajabu wananchi wakachanganyikiwa. Je, mji mpya uliopangwa ni dawa ya jiji linalosambaa, au ni njia nyingine ya kulisambaza?

Mkanganyiko huu unatokana na kuunganishwa kwa maswali mawili. La kwanza ni kama ardhi ipangwe kabla watu hawajafika. La pili ni kama nyumba, maduka, ofisi na barabara zijengwe zote kwa mkupuo mahali papya. Mtu anaweza kukubali la kwanza kwa moyo wote na bado akalikataa la pili. Uchambuzi huu unayatenganisha.

Jiji lililovuka mpaka wake

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Kufikia 2002 walikuwa karibu milioni 2.5, mwaka 2012 wakafika milioni 4.36, na 2022 milioni 5.38. Kasi ya ukuaji ilishuka kutoka asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012 hadi asilimia 2.1 katika muongo uliofuata, na wapo waliodhani jiji limeanza kutulia.

Takwimu za mkoa wa Pwani zinasema vingine. Katika muongo huohuo idadi ya watu wake ilipanda kutoka takriban milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na upande wa kusini wa Bagamoyo zimewapokea watu ambao miaka ishirini iliyopita wangejenga Mbezi au Mbagala. Jiji halikutulia, lilivuka mpaka wa mkoa. Wengi wa wakazi hao wanafanya kazi au biashara upande mmoja na kulala upande mwingine, na kila upande una halmashauri zake, bajeti zake na mipango yake.

Mipango haijakosekana kabisa. Jiji lilipata mpango mkuu wa 1949 wakati wa ukoloni, kisha wa 1968 na wa 1979, ambayo yote miwili iliandaliwa na kampuni za Kanada. Lakini mpango wa 1979 ulichorwa kwa ajili ya jiji ambalo sensa ya mwaka uliotangulia ilikuta halijafikisha watu milioni moja, na miongo kadhaa ilipita bila mpango mkuu mpya kushika nafasi yake. Katika kipindi hicho jiji lilijengwa na wananchi wenyewe. Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa.

Kwa nini watu wanajenga mbali

Ni rahisi kuwalaumu wanaojenga porini kwamba hawana nidhamu. Hesabu yao, hata hivyo, ni ya busara. Mkopo wa nyumba una riba ya tarakimu mbili na huwafikia wachache wenye mishahara rasmi. Kwa mama lishe, fundi au mwalimu mwenye mshahara mdogo, njia iliyobaki ni kununua kiwanja cha bei nafuu na kujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, kisha kupaua, kisha kuhamia kabla ya madirisha. Njia hiyo inahitaji ardhi rahisi, na ardhi rahisi iko mbali.

Sababu ya pili ni upungufu wa viwanja vilivyopimwa. Upimaji rasmi haujawahi kuifikia kasi ya mahitaji, kwa hiyo soko lisilo rasmi likajaza pengo. Dalali humkutanisha mnunuzi na mwenye shamba, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia mauziano, ofisi ya mtaa huchukua asilimia yake, na siku hiyohiyo mtu anaweza kuanza kumwaga mawe.

Sababu ya tatu ni kwamba mwenye shamba wa pembeni hana cha kumzuia kuuza vipande. Akingoja Serikali ije kupanga, anahofia kulipwa fidia ndogo. Akiuza leo, anapata fedha mkononi. Kwa namna hiyo, hata tetesi za mpango huharakisha ujenzi usiopangwa.

Wazo la mji mpya na siri ya fedha zake

Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alichapisha kitabu kilichopendekeza miji ya bustani. Kila mji ungekuwa na watu wapatao 32,000 katika eneo la ekari 6,000, ambapo ekari 1,000 tu zingejengwa na zilizobaki zingekuwa mashamba. Ungekuwa na viwanda na ajira zake, na ungeunganishwa na miji mingine kwa reli. Letchworth ulianza 1903, Welwyn ukafuata 1920.

Watu wengi wanakumbuka bustani na kusahau hesabu. Msingi wa Howard ulikuwa umiliki wa pamoja wa ardhi. Ardhi ingenunuliwa kwa bei ya shamba, na thamani ikipanda kwa sababu mji umekuja, faida ingerudi kwa mji kupitia kodi ya pango ili ilipe barabara, shule na huduma za wazee. Uingereza ilipopitisha sheria ya miji mipya mwaka 1946, ikianza na Stevenage na baadaye kufika Milton Keynes mwaka 1967, ilitumia kanuni ya aina hiyo: shirika la umma lilipewa mikopo ya muda mrefu ya hazina, likachukua ardhi kabla haijapanda bei, kisha likatumia thamani iliyoongezeka kulipa madeni. Milton Keynes leo ina watu zaidi ya robo milioni.

Kwa hiyo mji mpya wenye mafanikio ulisimama juu ya mambo matatu: ardhi iliyokuwa mikononi mwa umma tangu mapema, ajira zilizofika pamoja na watu, na nyumba ambazo mfanyakazi wa kawaida aliweza kupanga. Nguzo hizo tatu ndizo kipimo cha njia zinazoshindana hapa kwetu.

Njia ya kwanza: kujenga miji mipya

Watetezi wa njia hii wana hoja nzito. Kuchora barabara kwenye shamba tupu ni rahisi kuliko kuipitisha katikati ya nyumba za watu. Mabomba ya maji na majitaka yanaweza kutangulia. Eneo la shule, zahanati, soko na makaburi hutengwa kabla mtu hajalijenga. Mabonde ya maji huachwa wazi. Aliyeona nyumba zikibomolewa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, mwaka 2017 ili kupanua njia, anajua gharama ya mji ambao hifadhi ya barabara haikulindwa tangu mwanzo. Familia zilipoteza walichokijenga kwa miaka, na bado foleni ilikuwa imekwisha kula maisha ya watu kwa muda mrefu.

Udhaifu unaonekana kwenye utekelezaji. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza Kigamboni kuwa eneo la mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Mpango mkuu uliandaliwa kwa msaada wa wataalamu wa Korea Kusini, wakala maalumu ukaundwa, lakini fedha za fidia na miundombinu hazikuwapo kwa kiwango cha michoro. Kwa miaka kadhaa mtu hakuweza kujenga, kukarabati wala kuuza kwa bei ya haki, na hakulipwa. Hatimaye wakala ulivunjwa na kazi zake zikarudi kwa manispaa. Kilichoikuza Kigamboni ni daraja lililofunguliwa Aprili 2016: kivuko kikapata mwenzake, ardhi ikapanda, na sensa ya 2022 ikakuta watu zaidi ya 300,000 wilayani humo. Mji ulikuja kwa usafiri, bila ule mpango uliowafunga watu mikono.

Kenya ina somo linalofanana. Konza, eneo la ekari 5,000 umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, ulizinduliwa mwaka 2013 kama mji wa teknolojia, na ujenzi ukadhibitiwa katika ukanda mpana unaouzunguka. Barabara na majengo ya taasisi yamejengwa, lakini wakazi na ajira vimechelewa mno kulinganisha na ahadi. Tatu City, karibu na Ruiru, umekwenda kwa kasi zaidi chini ya mwekezaji binafsi, kwa kuwa uko jirani na jiji na ulivuta viwanda na shule mapema. Kikwazo chake ni kwamba nyumba za soko binafsi hazimlengi mchuuzi wa soko la Gikomba wala mlinzi anayelinda viwanda hivyo.

Bei ndiyo iliyoamua pia hatima ya Kilamba, nje ya Luanda. Awamu ya kwanza yenye nyumba zipatazo 20,000 ilizinduliwa 2011, na mji ukakaa karibu mtupu kwa sababu nyumba ya bei ya chini iliuzwa zaidi ya dola 120,000. Mwaka 2013 Serikali ya Angola ilipunguza bei na kuweka utaratibu wa kupanga huku ukinunua, na majengo yakajaa haraka. Nyumba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni nani angeweza kuingia, na hazina ya taifa ndiyo iliyobeba tofauti. Misri nayo imejenga miji ya jangwani tangu miaka ya 1970, lakini wananchi wengi wa kipato cha chini wameendelea kukaa kwenye vitongoji visivyo rasmi vya Cairo, karibu na riziki zao.

Njia ya pili: kuacha mji ukue, kisha kuurasimisha

Kundi la pili linasema wananchi wameonyesha uwezo wao, kwa hiyo Serikali iwafuate nyuma na kuwapa hati na huduma. Tanzania ilianza kutoa leseni za makazi miaka ya 2000, na ikaendesha programu ya urasimishaji ya miaka kumi iliyoishia 2023.

Nguvu ya njia hii ni heshima yake kwa jasho la mwananchi. Haimhamishi mtu. Inakubali nyumba yenye vyumba vya kupangisha, fremu ya duka mbele na mabanda ya kuku nyuma, yaani nyumba inayomlisha mwenyewe. Inagawa gharama katika miaka mingi bila deni la benki. Hakuna mpango wa Serikali uliowahi kuwapa wakazi wa Dar es Salaam nyumba nyingi kiasi hicho.

Gharama yake hufichika kwa sababu hulipwa taratibu na kila mtu. Maji hununuliwa kwa boza kwa bei ya juu kuliko ya bomba. Anayeishi Chanika, Vikindu au Mapinga hutumia saa nyingi na sehemu kubwa ya kipato kwenye daladala na bodaboda. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka vilima vilivyovuliwa miti na kujengwa hufurika bonde la Msimbazi, na barabara hufungwa pale Jangwani. Urasimishaji unapofika, barabara inapatikana tu pale majirani wanapokubali kumega viwanja vyao. Mara nyingi hutoka kichochoro. Eneo la shule halipatikani kabisa. Hati inaweza kutolewa baadaye, lakini nafasi ikishajengwa hairudi kwa bei nafuu.

Njia ya tatu: kulijaza jiji lililopo

Kundi la tatu linauliza kwa nini tunakimbilia mbali kama Ruvu ilhali katikati kuna nyumba za chini kwenye ardhi yenye huduma tayari. Kariakoo imepanda ghorofa. Magomeni Kota, palipokuwa na nyumba za zamani za umma, zilijengwa nyumba za ghorofa kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo, na zikafunguliwa 2022. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na mjini kati, yanahitaji abiria wanaoishi karibu na vituo ili yajiendeshe.

Hoja hii ni sahihi kiuchumi na kimazingira, lakini ina mipaka miwili. Ghorofa ni ghali kwa kila mita ya mraba, na halijengwi kidogo kidogo. Anayeweka akiba kwa matofali hana namna ya kununua robo ya orofa. Pia mapato ya ardhi ya katikati huvuta wawekezaji wakubwa, na wapangaji wa vyumba vya Kariakoo, Ilala na Manzese husukumwa pembezoni. Bila ulinzi wa wapangaji, kulijaza jiji kunaweza kulisambaza kwa mlango wa nyuma. Magomeni Kota palifanikiwa kuwarudisha wakazi kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na Serikali iligharamia. Kwa ardhi ya watu binafsi hesabu ni nyingine.

Mizani: mifano miwili ya nyumbani

Mfano wa kwanza ni Dodoma. TANU, chama tawala cha wakati huo, kiliamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, na mpango mkuu ukakamilika 1976. Mamlaka ilishika ardhi na kupanga mitaa vizuri kuliko miji mingi nchini, lakini ajira za Serikali zilibaki Dar es Salaam. Kwa miongo minne mji ulikuwa na michoro bila injini. Uhamisho ulipoanza kwa dhati 2016, idadi ya wakazi wa jiji, iliyokuwa karibu 411,000 mwaka 2012, ilipanda hadi zaidi ya 765,000 mwaka 2022. Mamlaka yenyewe ilivunjwa 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wananchi kuhusu viwanja na hati za miaka 33. Dodoma inathibitisha kuwa kazi ndizo zinazojenga mji, na pia kwamba chombo kinachoshika ardhi bila kuwajibika kwa wakazi kitakosa uhalali hata kikipanga vizuri. Hata hivyo nchi ina makao makuu mamoja tu ya kuhamisha. Hatuna wizara za kugawa kwa kila mji wa pembezoni.

Mfano wa pili ni Sinza. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja vidogo huko na Kijitonyama, ikaweka barabara na mabomba, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe. Hakukuwa na maghorofa wala tangazo la mji wa kisasa. Wakati huo palikuwa pembezoni. Leo ni mahali penye maduka, hoteli na mitaa inayopitika. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake uliochapishwa 2021 ulilinganisha maeneo kama hayo na yale yaliyorasimishwa baada ya watu kujenga, katika miji kadhaa ya Tanzania. Miongo kadhaa baadaye, yaliyopangwa kwanza yalikuwa na nyumba bora na mpangilio bora. Watafiti hao walionyesha pia kwamba wakazi wenye uwezo zaidi walivutwa huko, kwa hiyo si faida yote iliyowafikia walengwa wa mwanzo.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulirudia wazo hilo na kuvuka lengo. Zaidi ya viwanja 30,000 vilipimwa Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na kwingine. Ulirejesha fedha zake kwa mauzo ya viwanja. Kasoro zake zinafundisha. Viwanja vingi vilikuwa vya ujazo mdogo, yaani vikubwa kupita mahitaji ya kaya ya kawaida, kwa hiyo kila kilomita ya bomba ilihudumia watu wachache. Maji na lami vilichelewa. Wenye mashamba wa awali walilipwa fidia ambayo mara nyingi haikutosha kununua kiwanja katika ardhi waliyoiachia, wakasogea mbele zaidi kuanza upya. Huo ulikuwa mtawanyiko uliopimwa.

Hapa ndipo palipo kiini cha suala zima. Kanuni ya Howard inategemea kununua ardhi kwa bei ya shamba na kuuza thamani ya mji. Pembezoni mwa Dar es Salaam, bei ya shamba maana yake ni kumpunja mkulima wa mihogo au mwenye mikorosho, jambo ambalo sheria ya ardhi ya 1999 inalikataa kwa kudai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Serikali ikilipa fidia hiyo, faida ya kujengea mji inapungua. Isipoilipa, mji unaanza kwa dhuluma na kwa kesi. Njia ya kutoka ni kumfanya mwenye ardhi kuwa mbia. Anatoa sehemu ya shamba kwa barabara, shule na viwanja vitakavyouzwa kulipia huduma, na anarudishiwa viwanja vilivyopimwa vyenye thamani kubwa kuliko shamba lote la awali. Japani na Korea Kusini zilitumia utaratibu wa namna hiyo kwa miongo kadhaa. Unahitaji mazungumzo ya subira na rejesta ya ardhi inayoaminika, lakini hauhitaji mabilioni ya fidia kabla ya kuanza.

Kuna tahadhari moja. Halmashauri inayoishi kwa mauzo ya viwanja hushawishika kupima mbali zaidi kila mwaka, kwa kuwa mauzo huingiza fedha mara moja na huduma hudaiwa milele. Sehemu ya thamani ibaki kama kodi ya pango ya kila mwaka, na itumike katika mtaa uleule.

Kwa muhtasari

Mji mpya wa maghorofa ya mkupuo ni chaguo dhaifu kwa Dar es Salaam. Unadai mtaji ambao hatuna, unawaacha nje wanaojenga kidogo kidogo, na ukikwama unawafungia watu ardhi yao. Kuacha jiji lisambae na kulifuata baadaye kunaheshimu jitihada za wananchi, lakini kunawatoza maisha yao yote kwa foleni, maji ya boza na mafuriko. Kulijaza jiji la ndani ni lazima, hasa kandokando ya njia za mwendokasi na kwenye ardhi ya umma, ila hakutoshi peke yake.

Kinachobaki ni kupanga mapema na kujenga polepole. Viwanja vidogo vya mtindo wa Sinza vipimwe kwa ubia na wenye ardhi, pale ambapo usafiri upo au unakuja kwa hakika. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024 ina vituo Pugu, Soga na Ruvu; Kibaha tayari ina viwanda. Maeneo hayo yanavuka mpaka wa mikoa miwili, kwa hiyo yanahitaji mamlaka moja ya mipango ya Dar es Salaam na Pwani, inayowajibika kwa wakazi. Eneo likitangazwa, fidia au mkataba wa ubia uwekewe muda, na muda ukipita zuio la kuendeleza ardhi lifutike lenyewe.

Mnunuzi anayesimama mbele ya bango la kiwanja naye anaweza kutumia vipimo vilevile: nani ameshika thamani ya ardhi hii, basi au reli inafika lini, na kazi ziko umbali gani. Mradi usio na majibu ya maswali hayo haujafika kuwa mji, hata ukiwa na michoro mizuri. Wenye mamlaka wana deni kubwa zaidi, kwa sababu mkoa wa Pwani unajengwa sasa, na kila msimu unaopita bila hifadhi ya barabara na eneo la shule unahamishia gharama kwa watoto watakaokulia huko.